Damu safi, nyonga mbovu: kisa cha watoto tisa wa mbwa Mukono

Malalamiko yalianzia kwenye ngazi. Mbwa dume wa miezi sita, German Shepherd aliyenunuliwa Mukono, Uganda, kwa shilingi 700,000, alikataa kupanda ngazi tatu za baraza la nyumba ya mnunuzi huko Jinja. Akikimbia, miguu ya nyuma iliruka pamoja kama ya sungura. Asubuhi alichukua muda kuinuka, kisha akitembea kidogo alionekana kama amepona. Mnunuzi alidhani kaumia akicheza. Picha ya eksirei ilionyesha nyonga zote mbili zimekaa vibaya: kichwa cha fupa la paja kimetoka nusu nje ya kikombe chake, na kikombe chenyewe kina kina kidogo mno.

Kisa hiki kimeundwa kwa kuunganisha mambo yanayojirudia katika biashara ya mbwa wa ulinzi kutoka Wakiso hadi Jinja, kwa hiyo mwenye mbwa halisi hatajwi. Inafaa kukichambua kwa ukamilifu kwa sababu kila aliyehusika aliamini ametenda sawa. Mfugaji alisema mbwa wake ni damu safi. Mwenye dume alisema dume lake halijawahi kuumwa. Mnunuzi naye alilisha vizuri, tena kupita kiasi. Mwishowe aliyebeba maumivu ni mbwa.

Mambo yalivyokwenda

Mfugaji alikuwa na jike mmoja aliyemnunua Wakiso akiwa mtoto. Jike alipoingia joto mara ya pili, akiwa na miezi 13, alipelekwa kwa dume la miaka minne huko Kira, dume linalojulikana kwa kichwa kikubwa na mgongo mweusi. Hakuna fedha iliyolipwa. Mwenye dume angechagua mtoto mmoja kabla ya wengine kuuzwa. Kabla ya kupandisha hakuna kipimo kilichofanyika, iwe cha nyonga, cha damu au cha vinasaba.

Baada ya siku 63 walizaliwa watoto tisa. Mmoja alizaliwa amekufa na mwingine akafa siku ya tatu. Saba waliobaki walipewa dawa ya minyoo mara moja, hawakuchanjwa, na walipofika wiki ya sita wote walikuwa wameondoka kwa mama. Wawili walipata parvo, ugonjwa wa virusi unaoharisha na kuua watoto wa mbwa, ndani ya siku kumi baada ya kuhama, mmoja akafa. Mwingine, dume, alikuwa na korodani moja tu iliyoshuka. Wa Jinja ndiye huyu wa nyonga.

Mnunuzi alipodai haki yake, mfugaji alitoa ahadi mbili. Ya kwanza, atampa mtoto mwingine bure kutoka uzao ujao wa jike yuleyule na dume lilelile. Ya pili, akiona wazo la kwanza halipendezi, atampandisha jike na mbwa wa kienyeji mwenye nguvu, apate chotara "wasiougua", kwa kuwa kampuni ya ulinzi ilishamwambia itawanunua. Ahadi zote mbili ni mbaya, na kila moja ina ubaya wake.

Undugu uliojificha nyuma ya majina mawili

Jike alikuwa na karatasi ya nasaba. Ilikaa kwenye droo tangu siku aliponunuliwa. Mahali pa baba palikuwa na jina rasmi la dume huyo, refu la maneno matatu, lililobeba jina la kibanda alikozaliwa. Dume la Kira nyumbani liliitwa Simba. Hakuna aliyeuliza jina la Simba kwenye karatasi. Karatasi zilipolinganishwa baada ya ugomvi, ikadhihirika kwamba dume lile ndilo baba wa jike.

Baba na binti wakizaa, kiwango cha kuzaliana ndani ya ukoo kwa watoto huwa asilimia 25, sawa na kaka na dada wa baba na mama mmoja. Ndugu wa baba mmoja na mama tofauti hutoa asilimia 12.5, watoto wa ndugu wawili hutoa 6.25. Maana yake ni hii: kila mnyama ana nakala mbili za kila jeni. Chukua jeni yoyote ya mtoto wa Mukono. Uwezekano ni mmoja kati ya minne kwamba nakala zake zote mbili ni nakala ileile moja, iliyotoka kwa Simba kwa njia mbili: moja kwa moja, na kupitia kwa mama.

Hilo lina uzito kwa magonjwa yanayohitaji nakala mbili mbovu ili yajitokeze. Mfano ulio wazi kwa German Shepherd ni ugonjwa wa kudhoofika kwa uti wa mgongo unaohusishwa na jeni iitwayo SOD1. Mbwa huanza kuburuta miguu ya nyuma uzeeni, mara nyingi akiwa na miaka minane au zaidi, hadi asiweze kusimama. Tuseme Simba ana nakala moja mbovu. Yeye mwenyewe ataonekana mzima maisha yake yote. Binti ana uwezekano wa nusu kuwa ameirithi. Wakipandishwa, kila mtoto ana uwezekano wa mmoja kati ya wanane kupata nakala zote mbili na hivyo kuingia katika hatari ya ugonjwa. Kama jike angetoka ukoo usio na nakala hiyo mbovu, uwezekano ungekuwa sifuri. Kwa hiyo kauli ya mwenye dume, kwamba halijawahi kuumwa, ni ya kweli na bado haimsaidii mtu. Dume la miaka minne haliwezi kuonyesha ugonjwa wa miaka minane. Kipimo ni pamba inayosuguliwa ndani ya shavu na kutumwa maabara nje ya nchi, mara moja kwa maisha yote ya mbwa.

Kennel Club ya Uingereza iliacha kuandikisha watoto wa baba na binti, mama na mwana, au ndugu wa damu kamili tangu 2009. Uganda haina kizuizi cha namna hiyo, kwa hiyo kizuizi ni mfugaji mwenyewe na karatasi iliyo kwenye droo yake. Karatasi ya nasaba, iwe ya East Africa Kennel Club ya Nairobi au ya chama kingine, inaeleza wazazi ni nani. Haisemi nyonga zao zikoje. Njia ya kuepuka mkanganyiko wa majina ni chipu ndogo inayochomwa chini ya ngozi kati ya mabega. Namba yake ya tarakimu 15 haibadiliki mbwa anapobadilishwa jina.

Korodani isiyoshuka nayo huchukuliwa kuwa kasoro ya kurithi. Kama haijashuka hadi miezi sita, haitarajiwi tena kushuka. Mbwa huyo asizalishwe, na korodani iliyobaki tumboni itolewe kwa sababu hupata uvimbe wa saratani kwa urahisi zaidi kuliko iliyo mahali pake. Mnunuzi wake hakuambiwa lolote.

Nyonga: nani alisababisha?

Hapa ndipo ugomvi ulipokuwa mkali, na hapa ndipo panastahili subira. Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Katika nyonga za mbwa msemo huo ni nusu ya ukweli. Kasoro ya nyonga haitokani na jeni moja. Ni jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, kisha malezi yanaongeza au kupunguza. Mtoto huzaliwa nyonga zikiwa zinaonekana sawa. Kano zinalegea, kichwa cha fupa kinacheza ndani ya kikombe wakati mifupa bado laini, kikombe kinakua kikiwa bapa, gegedu inalika, kisha yabisi inaingia. Wazazi wawili wenye nyonga nzuri wanaweza kuzaa mtoto mbovu, lakini wazazi wabovu hufanya hivyo mara nyingi zaidi, na mbwa anaweza kuwa na nyonga mbovu huku anakimbia na kuruka ukuta. Jicho halitoshi. Ni eksirei.

Picha hiyo ina masharti. Mbwa hulazwa usingizi au hutulizwa kwa dawa, analazwa chali, miguu ya nyuma inanyooshwa sambamba na kuzungushwa ndani kidogo ili vifuniko vya magoti viwe katikati. Kinachoharibika mara nyingi ni fupanyonga kuinama upande mmoja: upande mmoja utaonekana mbaya kuliko ulivyo na wa pili mzuri kuliko ulivyo. Matundu mawili ya fupanyonga yasipolingana umbo, picha irudiwe. Daktari hupima pembe kati ya vitovu vya vichwa viwili vya mapaja na ukingo wa mbele wa kikombe. Nyuzi 105 au zaidi ni dalili njema. Kwa German Shepherd Ulaya hukubali picha kuanzia miezi 12, ilhali shirika la Marekani la OFA hutoa cheti cha kudumu baada ya miezi 24. Kampala zipo kliniki za mifugo zenye eksirei. Gharama ya picha za wazazi wawili ni ndogo ukiilinganisha na mapato ya watoto sita waliouzwa kwa shilingi 700,000, yaani 4,200,000.

Jike wa miezi 13, kwa kipimo cha OFA, hakuwa hata na umri wa kupewa cheti. Na yeye mwenyewe alikuwa bado anakua. Kumngoja hadi miaka miwili kungetoa muda wa picha, wa kipimo cha vinasaba na wa kuikomaza akili yake. Majike wachanga huwalalia watoto au hukataa kunyonyesha mara nyingi zaidi.

Sasa upande wa mnunuzi. Alifika na dume la kilo 29, wakati madume wengi wa umri huo huwa kati ya kilo 22 na 26. Chakula kilikuwa posho (ugali) na mukene (dagaa) mara tatu kwa siku, bakuli likiachwa hadi mbwa ashibe. Na kila asubuhi kijiko cha madini ya ng'ombe wa maziwa, kwa ushauri wa muuzaji, ili masikio yasimame upesi. Ushauri huu umeenea sana na unaumiza mbwa. Masikio ya German Shepherd husimama kwa wakati wake, wengi kati ya mwezi wa nne na wa sita, na wakati wa kubadilisha meno yanaweza kulala tena kwa muda. Mtoto wa mbwa mkubwa, hasa katika miezi ya mwanzo, hawezi kuzuia vizuri kalisi (kalsiamu) kupita kwenye utumbo. Ukimzidishia, inaingia, na ukuaji wa mifupa na gegedu unavurugika. Mukene mzima, mwenye mifupa yake, tayari ana kalisi nyingi. Kinachotakiwa ni kama asilimia 1 hadi 1.5 ya chakula kikavu, na chakula cha dukani cha watoto wa mbwa wakubwa kimeshapimwa.

Uzito ndio jambo ambalo mnunuzi alikuwa na uwezo wa kulibadilisha. Nchini Marekani Labrador 48 waligawanywa wawili wawili, kila jozi ikiwa ya uzao mmoja, mmoja akipewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko mwenzake, wakafuatiliwa maisha yao yote. Waliokula kidogo walikuwa na kasoro ndogo za nyonga, walichelewa kupata yabisi, na nusu yao waliishi zaidi ya miaka 13, ukilinganisha na miaka 11.2 kwa wenzao. Mtoto wa mbwa mkubwa asiwe mnene: mbavu zishikike kwa kiganja bila kubonyeza, na kiuno kionekane ukimtazama kutoka juu. Halafu kulikuwa na vigae vya sebuleni ambako alilala na kuteleza kila siku, navyo havikumsaidia.

Je, basi kosa ni la mnunuzi? Sehemu, ndiyo. Lakini ushauri wa madini ulitoka kwa muuzaji, na aliyechagua kupandisha bila picha ni muuzaji pamoja na mwenye dume. Malezi yalichochea; mzigo ulipakiwa siku ya kupandisha. Hukumu yetu ni kwamba sehemu kubwa iko Mukono na Kira.

Siku za mwanzo na wiki ya sita

Kifo cha siku ya tatu hakihitaji maelezo marefu. Sakafu ya saruji, mvua usiku, mama mchanga. Kitoto cha mbwa hakiwezi kujipasha joto. Wiki ya kwanza mahali kilipolala panahitaji nyuzi 29 hadi 32. Joto la mwili wake likishuka chini ya 35, utumbo unasimama, na kumlazimisha kunywa maziwa kunaweza kuyapeleka kwenye mapafu. Kwanza apashwe joto polepole, ndipo anyonye. Mizani ya jikoni ingeonya mapema: mtoto asiyeongezeka uzito kwa siku moja aangaliwe, na kufikia siku ya nane hadi ya kumi uzito wa kuzaliwa uwe umeshaongezeka mara mbili.

Parvo ni habari nyingine, maana hiyo ilizuilika kwa kiasi kikubwa. Kingamwili za dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, hupungua kati ya wiki ya sita na ya kumi na sita, na siku yake haijulikani kwa kila mtoto. Zikiwa nyingi zinazuia chanjo isifanye kazi. Zikiwa chache hazizuii ugonjwa. Ndiyo sababu chanjo hurudiwa: ya kwanza wiki ya sita hadi ya nane, kisha kila wiki tatu au nne hadi wiki ya 16 ipite. Kichaa cha mbwa huchanjwa kuanzia wiki ya 12. Dawa ya minyoo ni wiki ya pili, ya nne, ya sita na ya nane, mama naye akipewa. Mtoto aondoke akiwa na wiki nane, si sita. Wiki hizo mbili ndizo anazojifunza kwa ndugu zake kuzuia nguvu ya kuuma, jambo lenye maana kubwa kwa mbwa atakayefikia kilo 35.

Kirusi cha parvo hudumu kwenye udongo kwa mwaka na zaidi. Banda la Mukono lisioshwe kwa sabuni pekee. Jik kipimo kimoja kwa maji vipimo 30, kwenye sakafu iliyokwisha kusafishwa uchafu, iachwe dakika kumi.

Chotara si dawa

Ahadi ya pili ya mfugaji ina mvuto kwa sababu imebeba ukweli mdogo. Mbwa wa kienyeji wa Uganda wamechujwa na maisha yenyewe: kupe, njaa, barabara. Tofauti za jeni kati yao ni nyingi, na kuchanganya koo zilizo mbali kunapunguza magonjwa ya nakala mbili.

Lakini kasoro ya nyonga si ugonjwa wa aina hiyo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha uchunguzi wa rekodi za mbwa zaidi ya 27,000 wenye magonjwa 24 ya kurithi. Magonjwa 10 yalikuwa mengi zaidi kwa damu safi, moja, kukatika kwa kano ya goti, lilikuwa zaidi kwa chotara, na 13 hayakuwa na tofauti, kasoro ya nyonga ikiwamo. Jike mwenye nyonga mbovu atampa chotara jeni zake kama angempa mwingine yeyote. Mpango wa kumpandisha kwa mbwa wa mtaani una hatari za ziada: uvimbe wa kuambukiza wa sehemu za siri, unaoenezwa kwa kupandana, na bruselosi, maradhi ya bakteria yanayoharibu mimba. Dume lolote, la kienyeji au la karatasi, likaguliwe uume hadi kwenye shina na damu ipimwe kabla.

Kuna pia swali ambalo kampuni ya ulinzi haikuliuliza: tabia. Chotara wa kizazi cha kwanza hutofautiana sana. Watoto wanane wanaweza kuwa na ujasiri wa namna nane. Tuseme wawili watafaa kazi. Sita waliobaki wanakwenda wapi? Kampala tayari ina mbwa wa mitaani wengi, na makazi kama ya USPCA, chama cha kutunza wanyama cha Uganda, hayawezi kupokea kila kitoto kilichokataliwa. Asiye na jibu la swali hilo asipandishe. Hatuna tatizo na chotara aliyezaliwa kwa kusudi, wazazi wakiwa wamepimwa. Tatizo ni kutumia uchotara kukwepa kipimo. Max von Stephanitz alipoanzisha German Shepherd mwaka 1899 alitafuta mbwa wa kazi, na mbwa asiyeweza kupanda ngazi tatu haijalishi karatasi yake imeandikwa nini.

Maelewano

Sheria ya Uganda ya kuzuia ukatili kwa wanyama inakataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima, lakini haimwelezi mfugaji nani apandishwe na nani. Kwa mnunuzi, sheria ya mwaka 2017 ya uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma ina uzito zaidi: bidhaa ikiuzwa kwa matumizi ambayo muuzaji anayajua, inapaswa kuyafaa. Mbwa huyu aliuzwa kama mbwa wa ulinzi.

Pendekezo letu lilikuwa mfugaji arudishe nusu ya bei na achangie matibabu, mbwa abaki Jinja. "Kubadilishiwa" kunasikika kama ukarimu, ila anayerudishwa kwa kawaida huuawa au huuzwa tena kimyakimya, na familia ilishampenda. Tena mbadala angetoka kwa wazazi walewale.

Matibabu: ashushwe hadi kilo 25 taratibu, madini yakome, vigae vitandikwe mikeka isiyoteleza, atembezwe kwa kamba mara mbili kwa siku bila kuruka wala kurusha mpira. Dawa ya maumivu iwe ya mbwa na itoke kwa daktari wa mifugo. Ibuprofen na diclofenac za duka la dawa la watu hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo. Upasuaji wa kuunganisha mbele ya fupanyonga ulitakiwa kabla ya wiki ya 20, na muda huo umepita. Kukata kichwa cha fupa la paja kunabaki kama njia baadaye maumivu yakizidi, na matokeo yake ni mazuri zaidi kwa mbwa mwepesi, sababu nyingine ya kumpunguza uzito sasa.

Simba asitumike tena hadi nyonga zake zipigwe picha. Mwenye dume alipinga, akisema ana maombi mawili mwezi huu. Wenye majike hayo waelezwe matokeo ya Mukono kabla hawajasafiri. Jike apigwe picha akifika miezi 24. Zikitoka mbaya afungwe uzazi, na zikitoka nzuri atafutiwe dume ambalo karatasi yake haina jina rasmi la Simba katika vizazi vitatu.

Wamebaki watoto watano wengine walioondoka, akiwamo yule aliyechukuliwa na mwenye dume na yule wa korodani moja. Wamiliki wao wote wapigiwe simu wiki hii. Waambiwe wazazi ni baba na binti, waache madini, wapime uzito, na wapige picha ya nyonga mapema hata kama mbwa hachechemei, kabla mtu yeyote hajaja kuomba kupandisha.